Mbao za Shimo

Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1973, Temeke, nilimpoteza mwanangu wa kike. Alikuwa na miaka minne.

Alitumbukia kwenye shimo la choo tulilolichimba wenyewe, watu wa nyumba kumi, katika kazi ya kujitolea. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa mbao. Jumapili jirani yangu, mwanamke mwenzangu, alizichukua ziwe viti vya wageni wa mkutano wa tawi la chama, na mimi nilimsaidia kuzibeba. Jioni aliniambia, "Nimesharudisha." Sikwenda kuangalia. Mvua ikanyesha hadi asubuhi, shimo likajaa maji.

Jirani huyo ni mtani wetu, kabila lake na letu hutaniana, na msibani mtani ana kazi yake: kuwahudumia wafiwa na kuwachekesha. Siku zote saba hakuniacha. Alilala na mimi mkekani, akaninywesha uji kwa kijiko. Wanawake walipozidi kunyamaza, alisimama mlangoni akanikejeli: "Nyie watu wa kwenu hata kulia hamjui! Lia vizuri basi, bibi, wali tumekupikia sie!" Nikacheka. Kisha nikamshika mkono, nikaulilia huo mkono.

Matanga yalipokwisha, balozi wa nyumba kumi aliniita anisomee karatasi aliyoipeleka polisi. Alisoma polepole yaliyoandikwa: Shimo lilikuwa limefunikwa. Mama alimwacha mtoto achezee mbao. Chini palikuwa na majina ya mashahidi, na la kwanza lilikuwa la mtani wangu. Alitia dole gumba siku ya tatu ya msiba.

Mume wangu alikuwa ameyasikia maneno hayo kabla yangu. Ndiyo maana alikuwa hanitazami.

Nilimkuta mtani wangu bombani.

"Mbao ulizirudisha?"

"Mwenzangu, mie nina watoto wanne. Wakinifunga, atawalea nani?"

"Basi kamwambie mume wangu peke yake. Polisi sitakwenda."

"Mwanamume huyo atasahau. Na wewe bado kijana, utazaa mwingine."

Wenzetu kwenye foleni waliinamia ndoo zao. Wote walikuwa wameziona zile mbao uani kwake asubuhi ile.

Ndoo yangu ikajaa. Akainama, akaishika ukingoni anitwishe, kama alivyozoea. Nikaitoa mikononi mwake, nikamwaga nusu ya maji, nikajitwisha mwenyewe, nikaenda nyumbani.