Galoni Ambalo Birago Alikataa Kuliuza

Mke wangu Birago anauza oili za injini hapa Suame, Kumasi, kando ya gereji yangu. Kontena lake ni la kijani, na mlango wake unatazama barabara ya vumbi jeusi ambayo magari huingia yakivutwa na kutoka yakinguruma. Mimi ni fundi, si msemaji. Yeye ni msemaji, lakini hasemi ovyo.

Alizaliwa kwa watu wa mawese, upande wa Assin. Mama yake alikuwa na mapipa mawili uani. Moja lilikuwa la mawese ya kupikia, yaliyokamuliwa kwa chikichi za siku ileile. La pili lilikuwa la mawese ya sabuni, yaliyotokana na chikichi zilizolala zikachacha. Yote mekundu. Mteja akifika na chupa, mama aliuliza kabla salamu hazijaisha, "Ya chungu au ya sabuni?" Birago alikua na swali hilo. Alipoolewa nami akaanza kuuza oili, swali lilibadilika maneno tu: "Ya gari gani, la mwaka gani?"

Madereva walimcheka. Kwetu oili ilichaguliwa kwa vidole. Unachovya kidole, unasugua na gumba, kisha unaviachanisha polepole. Uzi ukivutika bila kukatika, oili ni nzuri. Nchi ina joto, injini zimechoka, kwa hiyo nzito ndiyo bora. Aliyetufundisha hivyo ni Mjomba Amponsah, na hakutudanganya. Malori ya zamani aliyoyafufua yalikunywa oili nzito, na yalipanda kilima cha Mampong yamejaa viazi vikuu hadi juu. Nusu ya mafundi wa mtaa wetu tulipita mikononi mwake. Siku ya kufuzu kwangu alinimwagia poda nyeupe kichwani mbele ya watu, akanishika mkono, akasema sasa naweza kufungua gereji. Mtu aliyekumwagia poda humpingi. Akisema kobe ana manyoya, unamwuliza ni ya rangi gani.

Birago yeye alikuwa na tabia ya kugeuza galoni. Mbele ya galoni kuna picha ya gari linalokimbia na maneno makubwa ya rangi ya dhahabu. Nyuma kuna maandishi madogo, na humo zimo namba za makampuni ya magari. Kila kampuni hutoa namba yake kwa oili iliyofaulu kwenye injini zake. "Mbele wanajisifu," aliniambia, "nyuma wanaahidi." Asichokielewa alimwuliza mwagizaji aliyemletea mzigo kutoka bandari ya Tema, na mwagizaji akibabaika, mzigo ulirudi naye.

Basi akaja Opoku na gari la mikate. Opoku husambaza mikate ya shangazi yake, Mama Pokuaa, kwenye vijiji vya njia ya Ejura. Gari lenyewe ni la dizeli, lilikuja kutoka Ulaya limeshatumika, na ubavuni bado lina jina la muuza maua wa huko. Hawakulifuta kwa sababu wanunuzi wa mikate wamelizoea. Chini lina chujio la moshi, kopo la chuma linalonasa masizi yasitoke nje. Kopo hilo lilikuwa likiziba. Taa inawaka mbele ya dereva, gari linakosa nguvu, nami nalisafisha. Baada ya miezi linaziba tena. Nilikuwa nimeshalisafisha mara mbili, na sasa Opoku alikuwa amerudi, uso umemshuka.

"Shangazi ameitisha ukoo," alisema. "Wamesema likilazwa tena kwa fundi baada ya leo, wanaliuza. Mimi nirudi kusukuma toroli la unga."

"Watamuuzia nani, yule muuza maua?" Donkor, jirani yetu mchomea vyuma, aliuliza kutoka kivulini kwake. Opoku hakucheka.

Mjomba Amponsah alikuwa ameketi kwangu, kama afanyavyo tangu miguu ilipoanza kumuuma. Alilitazama kopo nililokwisha kulifungua.

"Kopo hili ni la watu wa baridi," alisema. "Likate, weka bomba tupu. Kisha mpe oili nzito, ile ya galoni jekundu. Injini ipumue."

Oili ya galoni jekundu ndiyo tuliyoimimina safari zote zilizopita. Nilijua hivyo. Nilijua pia kuwa kukata kopo hakuliponyi gari, ni kama kumkata mgonjwa pua kwa sababu ya mafua. Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Opoku akaenda kwa Birago kununua.

Birago hakunyanyua galoni. Alilifuata gari, akafungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akatoa kitabu cha gari. Kilikuwa cha lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Akakifunua hata hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka penye mchoro wa kopo la oili linalodondosha tone.

"Lugha siijui," alisema. "Namba ni namba."

Akaligeuza galoni jekundu. Namba ya kitabuni haikuwemo. Akageuza la buluu. Hilo lilikuwa na uzito uleule ulioandikwa kitabuni, lakini namba ya kampuni haikuwemo. Akalirudisha pia.

"Jekundu sikuuzii," alimwambia Opoku.

"Mama, nimetumwa na Mjomba."

"Nimesikia."

"Pesa ninazo hapa."

"Na zikae hapohapo."

Watu wakaanza kusogea. Dereva mmoja akasema, "Muuza oili anafukuza wateja. Sasa atauza nini, hewa?"

"Hewa anauza fundi wa matairi," Birago alijibu. "Nenda kamwulize bei."

Wakacheka, kisha wakageuka, kwa maana Mjomba alikuwa ameinua kichwa. Neno lake moja lingetosha kulifunga kontena la kijani. Nilishika spana kama mtu anayefanya kazi, lakini hakukuwa na nati mbele yangu.

Birago hakubishana. Alifuta mikono, akachukua kigoda, akaketi karibu na Donkor, ingawa Mjomba alikuwa umbali wa mkono tu. Kwetu neno zito kwa mtu mzima halirushwi usoni pake. Linapitishwa kwenye mdomo wa mwingine, lipoe njiani.

"Donkor, nakuomba unifikishie kwa Mjomba."

Donkor akavua miwani yake ya kuchomelea, akakohoa, akanyoosha mgongo kama msemaji wa kiti cha mfalme.

"Mwambie," alisema Birago, "kwa heshima ya mvi zake, oili nzito ndiyo iliyozifaa injini alizozifufua, na sisi sote tunakula kwa ajili ya mikono yake."

"Mjomba, chui wa Suame, ambaye injini ikisikia kikohozi chake tu huwaka..."

"Sikusema hivyo."

"Mimi ndiye mdomo. Wewe endelea."

"Mwambie kwamba oili ya galoni jekundu ina dawa ndani yake, na dawa hiyo ikiungua huacha majivu mengi. Masizi gari linayachoma lenyewe likiwa kwenye safari ndefu. Majivu hayachomeki. Yanabaki kwenye kopo mpaka linaziba. Waliolitengeneza gari walilijua hilo, ndiyo maana namba yao wameipa oili yenye majivu machache."

Donkor akamgeukia Mjomba. "Anasema majivu hayachomwi mara ya pili."

Birago akafikiri kidogo. "Hapo umesema vizuri."

Mjomba akasugua goti lake. Naye alijibu kupitia kwa Donkor, bila kumtazama Birago. "Mwulize, hiyo oili anayoitaka yeye inavutika?"

"Haivutiki," alisema Birago. "Ni nyepesi kama maji ya mchele."

"Mwulize basi niiamini kwa lipi."

"Mwambie kwetu tulikuwa na mapipa mawili ya mawese. Mawese ya sabuni ndiyo mazito zaidi, yanaganda hata kijiko kinasimama. Mjomba akija kununua mawese ya supu, nikampimia ya sabuni kwa kuwa ni mazito, atakula?"

Donkor akavaa tena miwani yake. Hilo halikuhitaji kubebwa. Opoku alikuwa akitazama mtu mmoja hadi mwingine, kofia ameikunja mikononi, kama anayesubiri waamue ni yeye au gari litakalouzwa.

"Lete," alisema Mjomba.

Birago akaleta galoni jeupe kutoka ndani kabisa ya kontena. Mjomba akachovya kidole, akasugua, akaviachanisha vidole. Uzi ulikatika palepale. Akavitazama vidole vyake kwa muda, jinsi unavyomtazama mgeni aliyekaa bila kutaja jina lake. Kisha akasema na Birago moja kwa moja, bila mdomo wa mtu. "Nionyeshe hiyo namba."

Birago akapiga magoti, akaweka kitabu upande mmoja na galoni upande wa pili. Mjomba alipeleka ukucha juu ya kila tarakimu, huku na huku, taratibu. Mtu wa kulinganisha vipuri maisha yake yote hakosei kufananisha.

"Ni zilezile," alisema. Akanigeukia. "Kopo usilikate. Lisafishe. Oili ya zamani imwage yote, na chujio la oili libadilishe. Nitamimina mimi."

Akainuka kwa miguu yake ile mibovu, nikamshikia faneli, akamimina mwenyewe mpaka tone la mwisho. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema neno la Mjomba limevunjwa na mwanamke, kwa sababu neno lilikuwa limeshakuwa lake. Birago alisimama pembeni, ameinamisha kichwa, wala hakutabasamu. Mimi nilijua alichokuwa amekifanya, nikamrudishia galoni tupu mwenyewe mpaka kontenani.

Mvua zikapita, upepo mkavu wa harmatani ukaja na vumbi lake, na gari la mikate likawa linakuja kwangu kubadilisha oili tu. Taa haikuwaka. Ukoo uliacha kuzungumzia kuuza, na Opoku akaanza kutembea kama mwenye duka. Mjomba akituma dereva kwa Birago siku hizi, humwambia, "Mtajie gari lako kwanza, habari za nyumbani zitafuata."

Wiki iliyopita Mama Pokuaa alikuja mwenyewe, na mkate wa sukari ungali moto. Ukoo umeona gari la pili huko Tema, na alitaka Birago aende naye kabla hawajalilipia.

"Mama, mimi magari siyajui," Birago alisema.

"Ndiyo, hujui. Ukaone linakunywa nini. Kama kinywaji chake hakipatikani Kumasi, tuliache hukohuko."

Birago akajifunga kitambaa kipya, akafunga kontena, akapanda kiti cha mbele. Mama Pokuaa mwenyewe akakaa nyuma, na Opoku akaondoa gari.

Donkor alilitazama mpaka likapinda kona. "Mke wako amepelekwa Tema kukagua gari," alisema. "Wewe fundi wamewahi kukupeleka?"

"Bado," nilisema, na nikacheka peke yangu chini ya gari la watu mpaka spana ikaniponyoka.