Nyumba ya Umma

Walthamstow ilipokuwa kijiji, kabla London haijaimeza, jengo lile lilikuwa baa. Leo ni ukumbi wa kukodi, na pombe haiuzwi tena. Nililikodi kwa sherehe ya kumpamba binti yangu kabla ya harusi yake kwa sababu liko karibu na kwa Mama, asiyeweza kutembea mbali. Tatizo ni kwamba kwa Mama baa ni baa, hata ikifungwa. Angekataa kuingia, na binti alikwisha kuapa kwamba bila bibi yake hakuna sherehe. Nikamficha kwamba liliwahi kuwa baa.

Jumamosi asubuhi nikampeleka Mama kulitazama. Akasimama nje na mkongojo wake, akavisifu vigae vya kijani vilivyopanda mpaka kiunoni, vioo vyenye maua, na milango miwili iliyopakana. Kisha akanyoosha kidole kwenye herufi zilizochongwa juu ya milango.

"Pameandikwaje pale, mwanangu?"

Palikuwa pameandikwa PUBLIC HOUSE, jina la zamani la Kiingereza la baa.

"Nyumba ya umma," nikasema. Si uongo. Neno kwa neno ndiyo maana yake.

"Mashallah! Basi ni wakfu wa Waislamu."

Nikamshika mkono tukaingia.

Ndani, Mwingereza mzee anayetunza funguo alitueleza kila kitu, na mimi nikatafsiri kwa kuchagua. Ukuta wa mbao na vioo ulitenga vibarua na mabwana, kila kundi na mlango wake. Hilo nikalisema. Alipofika kwenye kaunta ndefu na mambo ya bia, nikasema hapo walikuwa wakipokea wageni. Mama alizunguka nyuma ya kaunta, akagonga sakafu kwa mkongojo mpaka mlio ukabadilika.

"Mfuniko huu wa sakafuni uwekeeni meza juu. Chini ndiko yanakokaa mapipa ya bia, mtu atavunjika mguu."

"Umejuaje, Mama?"

Akaangalia kaunta, si mimi.

"Tulipokimbilia huku, kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kupiga deki mabaa. Kila alfajiri, hamjaamka. Baba yako nilimwambia nasafisha skuli. Miaka yote naomba msije mkajua."

Nikamkumbatia, nikacheka huku nalia. Niliona haya pia kwa kumficha, lakini furaha ilizidi.

"Kwa hiyo sherehe tuifanye hapa?"

"Ifanyeni," akasema, akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini kupiga deki watu wakishaondoka, mimi simo."