Mikanda ya Tairi Iliyoinyamazisha Radi

Enzi zetu, gari kusikika kabla halijaonekana ilikuwa aibu. Nyinyi wa rika langu, mliocheza blada mpaka giza likaingia mkarudi nyumbani na magoti mekundu kwa udongo wa Kakamega, mtanielewa. Vijana wa leo sidhani. Wao wanamlipa fundi aing'oe sailensa ili gari lingurume vizuri. Wanalipa, jamani! Na baba yangu alihangaika karibu utoto wangu wote akitafuta namna ya kulinyamazisha gari moja tu.

Baba alikuwa seremala hapa Shirere. Siku dada yangu Roda, kifungua mimba wake, alipoanza shule, Baba alimbeba mabegani na njiani akamwapia kwamba siku ya kuolewa hatapanda gari la kuazima, atapanda la baba yake. Watu walicheka, maana Baba hakuwa hata na baiskeli. Basi akaanza kuokota. Kichwa alikitoa kwenye pikapu iliyokuwa imeachwa ikiota majani, injini ikatoka kwa gari jingine, na magurudumu ya nyuma akayapata makubwa kuliko ya mbele, kwa hiyo gari lilisimama limeinamisha pua kama fahali wa Malinya anayetafuta ugomvi. Boneti hakuna, injini ilikaa nje ikiota jua. Nyuma alijenga sanduku la mbao, akaliunga na kulipiga vanishi kama kabati la bibi harusi. Majirani waliliita Radi, na hawakukosea.

Sisi watoto tulilipenda kupita kiasi. Mvua ya alasiri ikikatika tulikimbilia kumbikumbi kwanza, tunawala wengine wabichi na mabawa yao, halafu tunakwenda kumsaidia Baba kusukuma Radi iwake. Ikiwaka tunapanda sandukuni, mahindi ya kuchoma mkononi, tunazunguka Shirere tukipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Ndani ya Radi huongei. Baba alikuwa anatutuma dukani kwa ishara za mikono, na ukielewa vibaya unaletea watu chumvi badala ya sabuni.

Taabu yenyewe ilikuwa ekzosi, lile bomba refu la kutolea moshi. Gari la kiwandani huja na vishikizo vyake vya mpira vya kuning'iniza bomba chini ya tumbo. Radi haikuwa na ukoo. Utaenda duka gani useme nipe vishikizo vya Radi? Baba akafunga kwa waya, akakaza kiseremala, lisicheze hata kidogo. Kumbe injini ikitetemeka bomba nalo linataka kutetemeka, na likinyimwa nafasi linapasuka pale kwenye kiungo. Likipasuka, mama yangu! Kuku wote wa mtaa wanaingia chini ya vitanda.

Tukaendelea hivyo mpaka Roda akachumbiwa na mwalimu kijana wa Malinya. Harusi ikapangwa kanisani kwao. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, Baba alitaka kutupeleka soko la Lubao, mimi na Roda, kutafuta mbuzi. Asubuhi hiyo waya ukakatika. Akatazama huku na huku, akaona blada yangu inaning'inia kwenye mpera. Blada, kwa mliosahau, ni ile kamba ndefu ya vipande vya mpira wa tyubu tuliyokuwa tukiruka sisi wasichana. Ile yangu nilikuwa nimeikusanya kipande kwa kipande, kwa kuomba na kwa kubembeleza.

"Nitakurudishia," Baba alisema, akaikata, akaning'iniza bomba kwa blada yangu.

Nililia mpaka Lubao. Tulipoingia sokoni, pakaanza kunuka mpira wa kuungua. Kabla hatujaulizana, blada ikayeyuka, bomba likaanguka chini, na Radi ikalipuka kwa ngurumo katikati ya mnada. Ng'ombe wakakata kamba. Mbuzi mmoja akaruka juu ya meza ya nyanya akasimama hapo kama mhubiri. Na nani walikuwa wamesimama pale wakikagua fahali? Ami zake bwana harusi.

Mmoja wao akashika kiuno. "Kumbe hii ndiyo italeta bibi harusi? Basi hatutasumbuka kuangalia saa. Tutamsikia akitoka Shirere, tuanze kupika."

Soko zima likaangua kicheko. Roda aliinama akajifunika uso kwa leso. Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya Baba na machozi yanamtiririka. "Baba, unisamehe. Mimi siingii hiyo gari. Bwana wangu ataleta gari ya watu wao."

Nilitegemea Baba afoke. Hakufoka. "Sawa, mama," alisema, kwa ile sauti baba humwita nayo binti yake. Jioni Mama akampakulia obusuma, ule ugali wetu, na paja la ingokho, kuku wa kienyeji, na Baba, mtu wa kula kwa furaha, akalitazama tu lile paja. Siku hiyo nilimwona mtu aliyejenga kitu kwa miaka na kukatazwa kukitumia mlangoni. Nilisahau hasira ya blada yangu.

Mama ndiye hakusahau. Alivua akala zake, vile viatu vya tairi alivyoendea shamba, akaviweka mezani kando ya obusuma. "Hizi nimekanyaganga makaa nazo jikoni, na hazijawahi yeyuka. Nimezivaa nikitoka Malinya kwa miguu na hazijawahi katika. Na wewe mtu mzima unafunga gari na kamba ya watoto kuruka?"

Baba akakigeuza kiatu kimoja, akakikunja, akakiachilia, kikarudi. Halafu akala lile paja.

Kesho yake alikuja na tairi kuukuu la lori. Nilidai kuwepo, maana blada ilikuwa yangu. Baba alikata mikanda kutoka ubavuni mwa tairi, pale mpira unapokunjika, huku mimi nikimwagia kisu maji ya sabuni kisikwame. Tundu tulilitoboa kwa msumari mkubwa uliopashwa moto jikoni kwa Mama, na ule moshi, hata leo nikipita kwa washona akala nasimama nivute pumzi. Ufa wa kiungo ulikuwa umeshachomelewa; juu mkanda ukafungwa kwa bolti kwenye fremu ya gari, chini ukafungwa kwenye chuma bapa alichokipinda kuzunguka bomba. Mimi nikataka akaze zaidi. "Wacha icheze kidogo," akasema. "Kitu ukikazanisha sana inakupasukianga mkononi." Alipomaliza alilisukuma bomba kwa kiganja. Likapepesuka, likarudi mahali pake.

Roda alikuwa mlangoni akichambua mrenda, anajifanya haoni. Alichambua mrenda ule ule mpaka ukaisha majani. Baba akawasha Radi, akazunguka mtaa, akarudi, na kuku mmoja aliyekuwa amelala njiani alilazimika kufukuzwa kwa fimbo. Roda akainua ungo wake akaingia ndani, na Baba hakumwuliza kitu.

Siku ya harusi watu wa bwana harusi walileta gari jeupe lenye utepe. Ngoma ya isukuti ilikuwa inalia tangu asubuhi, shangazi wameketi chumbani wanamwambia Roda vumilia, ndoa ni kuvumilia, mwanamke ni kuvumilia. Alipotoka na gauni lake, dereva wa gari jeupe akafungua mlango. Baba alikuwa kando ya Radi na suti yake ya Krismasi. Hakufungua mlango. Alisimama tu mikono imeshikana, macho chini, kama mtu anayengoja hukumu.

Roda alilitazama gari jeupe. Akamtazama Baba. Akainua gauni lisishike tope, akavuka uwanja mpaka kwenye Radi. "Twende, Baba," alisema. "Lakini tusipitie Lubao."

Watu walicheka mpaka wapiga isukuti wakapoteza mdundo. Mimi nikarukia sandukuni nyuma yao.

Tulipoiacha ngoma nyuma, nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia ndani ya Radi. Nilisikia springi zikilalamika. Nilisikia vyura kwenye bonde. Chini yetu bomba lilikuwa linabembea polepole kwenye mikanda yake, na injini inanung'unika tu kama mtu anayesali. Halafu Baba akaongea, bila kugeuza kichwa.

"Roda."

"Baba."

"Huko unaenda, watu ni wazuri. Lakini ukiona mambo imekuwa mbaya, usingoje mtu akuje kukuchukua. Rudi. Ile boma ni yako. Sitakuuliza kitu."

Roda aliweka mkono wake begani kwa Baba na hakuuondoa mpaka Malinya. Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti kwa maneno ya namna ile. Ingekuwa Radi ya zamani, yangebaki kifuani mwake.

Bomba halikuanguka. Wale ami walikuwa wametega sikio barabarani, na tukawafikia migongoni kabla hawajageuka.

Miaka ilipita. Yaliyompata Roda katika ndoa ile ni yake, si yangu kuyasimulia. Ninachojua ni kwamba alasiri moja ya mvua aliingia uani kwa miguu, mtoto mgongoni, begi moja mkononi. Baba aliweka randa chini. Alimpokea mtoto, akampangusa mvua usoni, akamwambia Mama aongeze unga kwenye sufuria. Hakuuliza kitu. Mpaka tunamzika, hakuwahi kuuliza.

Leo Radi haipo, na ndani ya lile sanduku la vanishi kuku hutaga mayai. Mtoto yule ndiye Deno, kijana mzima, ana gari lake la chini linalokwaruza kila tuta, na bomba wazi linalotikisa vikombe kabatini. Anapita Shirere, simu za vijana wenzake zote juu zinamrekodi, eti ni sifa. Sisi tulikuwa maskini wa vitu, lakini ndani ya gari bovu tulisikilizana. Hawa wana kila kitu, na wakikaa bega kwa bega wanaandikiana ujumbe.

Wiki jana aliingia uani injini inaunguruma. Mama yake ameketi barazani, vidole masikioni, anacheka. Nikainama dirishani. "Deno, unajua babu yako alimwambia nini mama yako ndani ya gari?"

Akaweka kiganja sikioni. "Ati nini, aunty?"

Nikarudia.

"Ati?"

Tairi la lori nimeshapata. Nimemwambia Jumamosi aje na ile sailensa aliyoing'oa, alale chini ya gari lake, kisu nitashika mimi. Tukimaliza nitaketi kando yake, tuendeshe polepole mpaka Malinya, na nitamwambia bila kupaza sauti.