Draiva Iliyoanguka Suna

Kaka yangu aliporudi kutoka ng'ambo, mwishoni mwa miaka ya tisini, alishuka na kompyuta kifuani, imeviringishwa blanketi, na hakukubali mtu yeyote amsaidie kuibeba. Nguo zake zilitosha kwenye mkoba mmoja. Mama alilia kwa furaha. Baba alimshika mkono, akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akamuuliza kama amekula.

Hakumuuliza habari za shahada. Sote tulichukulia kwamba ameshaipata, maana ndiyo iliyompeleka huko. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kununua Ogwedhi na kuuza Migori mjini, na zizi lake mwenyewe lilikuwa limepungua mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya karo ya kaka. Alingoja aambiwe. Wiki zikapita, na kaka hakusema.

Wakati huo mimi nilikuwa mpiga chapa Homa Bay, katika ofisi ya mama mmoja tuliyemwita Madam. Karibu na ofisi alikuwa na chumba kitupu kilichotazama barabara. Kaka alipoanza kuniambia kwamba mashine yake ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, kwamba ndani yake mna kadi maalumu ya picha inayofanya magari yaonekane kama magari ya kweli, mimi ndiye niliyempelekea Madam wazo la kufungua humo chumba cha michezo ya kulipia. Alinisikiliza bila kuacha kupanga karatasi zake.

"Kuna fundi cherehani anakitaka hicho chumba," akasema. "Mwambie kaka yako aje nayo Jumapili. Nikiiona inafanya kazi, chumba ni chake. Lakini mimi simjui yeye, nakujua wewe. Nikipotezewa siku, nitakuuliza wewe."

Nikaomba ruhusa ya siku chache, na Jumatatu nikarudi nyumbani Suna kumwambia. Nilidhani atafurahi. Alikaa kitandani, akashika kichwa.

"Inazima," akasema.

"Inazima vipi?"

Alinionyesha. Aliwasha kompyuta, ikawaka vizuri. Akafungua mchezo wa mbio za magari, gari jekundu likatoka kwa mngurumo, likapita miti, likapita watu waliosimama kando ya barabara, nami nikasahau kilichotuleta pale. Kisha picha ikasimama. Sauti ikakwama kwenye mngurumo mmoja, kama ng'ombe anayelia bila kuvuta pumzi. Mistari ya kijani ikashuka kwenye skrini, na skrini yote ikageuka buluu yenye maandishi meupe.

"Ni draiva," kaka akasema. "Ile programu inayoiambia kompyuta jinsi ya kutumia kadi ya picha. Inaanguka."

Kwanza alilaumu stima. Umeme wetu ulikuwa wa kupanda na kushuka, hata taa ilikuwa ikififia jirani wakichomelea milango. Tukaazima stebilaiza, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, kwa mwenye duka la redio. Gari jekundu likaenda, likasimama, buluu. Akaiondoa draiva na kuiweka upya kutoka kwenye diski iliyokuja na kadi. Buluu. Akapunguza ukubwa wa picha hadi miti ikawa kama matofali ya kijani. Ilichukua muda mrefu zaidi, nikaanza kutabasamu, kisha buluu. Akafungua mfuniko, akapuliza vumbi kwenye feni ya kadi, akasogeza pangaboi la mezani lipulizie moja kwa moja ndani. Buluu.

Kila mara aliniambia, "Sasa nimeipata," na kila mara alikuwa hajaipata. Alianza kubadilisha mambo matatu kwa mpigo, na ikianguka hatujui ni lipi. Nilimwomba abadilishe moja moja. Alinifokea kwamba kupiga chapa si kujua kompyuta. Niliondoka, nikaenda kumsaidia Mama kuchambua mboga. Kama Jumapili ingeharibika, Madam angenitazama mimi kwa yale macho yake ya kimya.

Siku iliyofuata Baba aliingia uani wakati kaka akipiga kelele ndani, "Draiva imeanguka tena!"

Baba alisimama mlangoni, rangi imemtoka. Ng'ombe wake walikuwa njiani kwa lori.

"Dereva gani ameanguka? Wapi? Ng'ombe wamepona?"

Ilibidi nimweleze kwamba si dereva wa lori bali ni kitu cha ndani ya kompyuta. Alivuta pumzi. Akaitazama mashine iliyofunguliwa tumbo, bisibisi, skrubu kwenye kifuniko cha kopo la chai. Kisha akamtazama kaka.

"Na shuleni hawakuwafundisha kutengeneza?"

Kaka aliinama akajifanya kutafuta skrubu chini ya meza. Nilimwona masikio yakiwaka, na hapo ndipo nilipoanza kushuku jambo ambalo sikutaka kulishuku.

Alhamisi jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa ameugua kwa muda mrefu, alifariki. Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa upande wa pili wa ukuta, vilio vikiingia kwetu kupitia dirisha. Kaka aliendelea kujaribu. Mama aliingia na kitambaa kichwani, tayari kwenda matangani.

"Watu wanalia ukuta kwa ukuta, na nyinyi mnaendesha magari?"

"Mama, Jumapili iko karibu. Tusipojaribu..."

"Basi liendeshe kimya, nyathina. Nisisikie hata mlio mmoja."

Alimwita "mtoto wangu" kwa Kiluo, kwa sauti ya upole, lakini ilikuwa amri. Kitufe cha kupunguza sauti kwenye spika kilikuwa kimevunjika safarini, kwa hiyo kaka aliingia ndani ya mipangilio ya mchezo na kuzima sauti yote huko. Gari jekundu likatoka bila mngurumo. Nikakaa kumtazama kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufanya jambo jingine.

Gari likazunguka. Likazunguka tena. Kaka alikuwa ameegemea mbele, akingoja mistari ya kijani. Nje watu waliimba nyimbo za maombolezo, wakapumzika, wakaanza upya. Gari bado linakwenda. Nilihisi kwamba nikisema neno litasimama.

Hatimaye kaka ndiye aliyenong'ona, "Haijaanguka."

"Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu." Akaangalia spika. "Sauti. Nimezima sauti tu."

Akairudisha sauti kwa muda mfupi, kiganja kimefunika spika. Buluu. Akawasha kompyuta upya, akazima sauti. Ikaenda. Alicheka kicheko kidogo kilichokaribia kilio, akafungua orodha ya vifaa vya mashine, akanionyesha kwa kidole. Kila kadi ndani ya kompyuta, akaniambia, ina namba ya kuuitia ubongo wa mashine inapotaka kuhudumiwa. Kadi ya picha na kadi ya sauti zilikuwa zimepewa namba moja. Zikiita pamoja, ubongo haujui nani anaita, na draiva ya picha ndiyo inayoanguka.

Alijaribu kubadilisha namba kwa kibodi, mashine ikakataa. Dawa iliyobaki ilikuwa kuing'oa kadi ya sauti na kuihamishia kwenye nafasi nyingine ndani ya mashine, ili ipewe namba nyingine.

Ijumaa stima ilikatika tangu asubuhi, na kaka hakutaka kuigusa mashine bila kuweza kuiwasha hapohapo. Ilirudi alasiri, jua limeshaanza kulala. Nyumba yetu ni ya Waadventista. Jua likizama, kazi inakoma hadi Jumamosi jioni, na kwa Baba jambo hilo halikuwa na mjadala. Kaka akang'oa kadi ya sauti. Ile nafasi mpya ilikuwa imeziba kwa kipande cha bati nyuma ya mashine, na bati halikutaka kutoka. Alisukuma, akajikata kidole. Lilipotoka, Baba alikuwa mlangoni.

"Jua linazama."

"Baba, dakika chache tu."

"Weka chini hicho kibisibisi."

Kaka aliketi na kadi mkononi, damu ikichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilidhani atabisha. Aliweka kila kitu mezani. Mimi nikafunika mashine kwa leso ya Mama, wazi vilevile, na usiku ule sijui kama kuna aliyelala.

Kanisani sikusikia mahubiri. Wakati wa kurudi Mama alitangulia na majirani, nasi watatu tukafuata nyuma. Kaka alisimama katikati ya njia.

"Baba, sikumaliza."

"Hukumaliza nini?"

"Masomo. Nilifukuzwa mwaka wa pili. Nilifeli, nikaona haya kuandika. Nikafanya kazi hotelini, naosha vyombo."

Baba alikuwa na suti yake ya Sabato, ile ya kijivu. Alitazama huku na huku kama anayetafuta njia, kisha akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, vumbi na yote. Watu walipita wakitusalimu, nami ndiye niliyewajibu. Nilihofia moyo wake usije ukasimama. Niliogopa pia atakachosema, kwa kuwa Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele, na neno lake likitoka halikurudi.

"Na ile mashine," akauliza hatimaye, "ni yako au ni ya watu?"

"Ni yangu. Niliinunua kwa mikono yangu."

"Basi itengeneze."

Akainuka, akapangusa suruali, akatembea mbele peke yake. Hakumsemesha kaka tena siku hiyo.

Jioni Sabato ilipoisha stima ilikuwa imekatika tena, ikarudi alfajiri. Jumapili asubuhi tulikuta Baba hayupo. Kaka alipachika kadi ya sauti kwenye nafasi mpya kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akawasha. Mashine ikatambua kadi, ikaomba diski, ikaweka namba nyingine. Tulijaribu na sauti. Gari jekundu likanguruma, likapita mahali lilipokuwa likifia kila siku, likaendelea. Hatukuwa na muda wa kufurahi. Honi ililia uani: pikapu ya mfanyabiashara mwenzake Baba, nyasi kavu bado ziko nyuma.

"Omera, ndugu yangu, nimetumwa niwafikishe Homa Bay," dereva akamwambia kaka. "Mzee amesema niende polepole."

Alikwenda polepole kadiri alivyoweza. Barabara ilikuwa na mashimo, nami nilikaa nyuma nimekumbatia mashine iliyolazwa kwenye godoro. Tulipofika, Madam alikuwa ameshafungua chumba na kuweka meza. Yule fundi cherehani naye alikuwepo, amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, anakitazama chumba kama chake.

Kaka aliunganisha nyaya na kuwasha. Skrini ikabaki nyeusi. Mashine ikatoa mlio mrefu, kisha mifupi.

Madam akanitazama.

Nilimgeukia kaka nikitarajia kuona yule mtu wa Jumatatu, wa kubadilisha mambo matatu kwa mpigo. Alizima. Akasubiri. "Barabara imeitikisa," akasema bila haraka. "Kadi ya picha imelegea." Akafungua mfuniko mbele ya kila mtu, akabonyeza kadi taratibu hadi ikalia *tak*, akakaza skrubu, akawasha. Skrini ikaleta mwanga.

Madam aliketi. Aliliendesha lile gari hadi likaingia msituni, akacheka, akalitoa, akalirudisha msituni. Alicheza kwa muda mrefu sana. Fundi cherehani alivua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kesho uje na mswaki," Madam akamwambia kaka, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Utaanza mapema, na utakuwa unalala hapahapa."

Baba hakuzungumza na kaka kwa miezi kadhaa. Salamu zilipita kwangu na kwa Mama. Kisha, msimu wa mvua, wakati wale wadudu wadogo wa ziwani wanapojaa mji mzima na kuingia hata kwenye chai, alikuja Homa Bay kwa shughuli zake, akaingia mle chumbani bila kubisha. Kaka alikuwa anachokoa wadudu waliokufa kwenye feni ya kadi. Waliangaliana. Baba akauliza kama amekula. Kaka akavuta kiti, akamwelekeza mahali pa kuweka vidole kwenye kibodi, nami nikawaacha, nikaenda kutafuta samaki kabla soko halijafungwa.