Mgema wa Kaloleni na mtungi wa nane

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Dzombo Ngowa yuko juu ya mnazi wake wa sita, kotama mkononi, kibuyu kikining'inia kiunoni, na anagomba. Anayegombwa ni mnazi wenyewe.

"Jana umenipa kikombe kimoja," anauambia, huku akipunguza ncha ya karara, kikonyo cha maua kinachotoa tembo, kwa kisu chake kilichopinda. "Kikombe kimoja, kana kwamba nimekuja kuomba."

Dzombo, mwenye umri wa miaka 54, ni mgema katika vilima vya Kaloleni. Ana minazi kumi na minne, na kila mmoja huupanda asubuhi na jioni. Kwa sababu hiyo, katika miaka thelathini na mmoja ya kazi yake hajawahi kuonja hata tone la kile anachokigema.

"Mteja wangu akilewa anaanguka kutoka kwenye kigoda," anasema akishuka taratibu kwa vipandio alivyochonga kwenye shina. "Mimi nikilewa naanguka kutoka kule." Ananyoosha kidole juu, na mwandishi anaelewa.

Ni koo hilo kavu, wala si elimu wala cheo, lililomfanya mwezi Machi mwaka huu awe mtu muhimu kuliko wazee wote wa kijiji chake.

Jirani yake ni Ndayizeye, Mrundi aliyefika Kaloleni miaka tisa iliyopita akiuza njugu za kukaanga kwenye sinia. Hakuondoka tena. Alimwoa Pola, binti wa hapo hapo, wakapata Abigael, ambaye sasa ana miaka sita, na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Kibali cha Ndayizeye kilikuwa kimeisha muda. Siku moja akienda Malindi kununua njugu za jumla, alikaguliwa njiani, akakamatwa. Pola aliambiwa kuwa siku ya Ijumaa mumewe atavushwa mpaka kurudishwa Burundi, isipokuwa ithibitike kwamba ana mke na watoto hapa nchini. Cheti cha ndoa hakikuwepo. Walioana kimila, na ndoa ya kimila haiandikwi, hunywewa mnazi, tembo la minazi hii hii.

Abigael alikaa mlangoni na sinia la baba yake mapajani, akakataa kula mpaka arudi. Dzombo alimwona kutoka mnazini asubuhi, akamwona tena jioni akiwa pale pale. Anasema siku hiyo moyo ulimuuma hata akasahau vibuyu viwili juu.

Kijiji kikakutana dukani kwa Ndinda, mama wa Kikamba anayepiga chapa na kutoa nakala karibu na stendi. Ndinda aliwaambia mapema kuwa hakuna haja ya kwenda kulia ofisi ya uhamiaji mtu mmoja mmoja, wananchi huandika barua na kutia sahihi.

Barua ya kwanza ilikuwa na mistari kumi, sita kati yake ikizisifu njugu. Ndinda akaifuta. Akaeleza kwamba afisa hahitaji kujua chumvi ilikuwa kiasi gani, anahitaji kujua watoto wale watalelewa na nani. Watu 312 wakatia sahihi pamoja na namba za vitambulisho. Mmoja alitia mara tatu, na alipoulizwa akasema anazipenda sana zile njugu.

Nakala zilikwenda kwa chifu, kwa diwani, na kwa wakili wa haki za binadamu, ambaye hakuwatoza kitu. Wakili akataka jambo moja tu: watu walioshuhudia ndoa kwa macho yao.

Hapo ndipo kijiji kilipokosea. Kwa heshima, kikawachagua wazee watatu walioongoza sherehe ile miaka saba iliyopita.

Afisa wa uhamiaji, mama mpole aitwaye Nyakio, aliwauliza mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alisema harusi ilikuwa Pasaka. Wa pili aliapa kuwa ilikuwa sikukuu ya Idi, na mvua ilinyesha. Wa tatu, Mzee Mwaringa, alisema kwa masikitiko kuwa anayakumbuka vizuri yale mazishi, na kwamba yeye mwenyewe alilia sana.

Wote watatu walikuwepo, na wote watatu walikunywa.

Nyakio akafunga faili. Pola akajifunika uso kwa leso. Dzombo, aliyekuwa amewasindikiza wazee ili awashike mkono kwenye ngazi, akasimama kule mwisho wa benchi.

"Wewe ulialikwa harusini?" afisa akamuuliza.

"Sikualikwa, mama. Nilikuwa nasubiri mitungi yangu."

Akaeleza. Alipeleka mitungi minane Jumamosi ya pili ya Desemba, na kwa kuwa mgema asiyekaa na mitungi yake huiona tena kwa watu, alikaa kivulini kutwa nzima, macho makavu, akingoja iishe. Alitaja jina la kila mzee aliyezungumza. Alitaja rangi ya mbuzi. Kisha akafika mahali bibi harusi anapoitwa na kuulizwa mbele ya watu kama mnazi ule unywewe, maana pasipo ridhaa yake hakuna anayegusa.

"Pola alijibu, 'Kunyweni, lakini mitungi ya watu irudi.'"

Nyakio akafungua faili tena. Asubuhi hiyo alikuwa amemhoji Pola peke yake katika chumba kingine, na maneno yale yale yalikuwa pale, kwa mwandiko wa afisa mwenyewe.

"Na ilirudi?" akauliza.

"Saba ilirudi. Wa nane uko kwa huyu mnayetaka kumvusha mpaka. Akienda Burundi, mama, mtungi wangu nitaudai kwa nani?"

Afisa aliweka kalamu chini akacheka mpaka mwenzake akaja kuchungulia. Kisha akaandika yote, hata la mtungi.

Ndayizeye aliachiwa Alhamisi. Abigael alimlaki njiani na lile sinia, na siku hiyo akala sahani mbili.

Mambo hayajaisha. Ombi la ukaazi bado linashughulikiwa, Ndayizeye anaripoti kila mwezi, na Pola anasema gari likisimama karibu na nyumba bado hushtuka. Mwezi Agosti wataandikisha ndoa yao, na Dzombo amealikwa. Tena ameweka sharti jipya: hapeleki mnazi wa harusi yoyote mpaka maharusi wapite kwanza kwa Ndinda kujaza fomu. Jozi mbili za maharusi zimekwisha kununa.

Siku ya pili baada ya kuachiwa, Ndayizeye alikuja chini ya mnazi na ule mtungi wa nane, umeoshwa ukang'aa, umejazwa njugu. Dzombo alimwambia kutoka juu amwage njugu kwenye ungo na mtungi arudi nao kwake.

"Mtu akianza kurudisha vitu vya jirani, ujue anafunga mizigo," anasema mgema, akifunga kibuyu kiunoni tayari kwa mnazi wa saba. "Akae nao, watoto wachotee maji. Na siku wakija tena kumchukua, nitakwenda kuudai."