Bi Misimbo Hawezi Kuongeza Neno

Hospitali nzima inamwita Bi Misimbo. Chumba chake kiko ghorofa ya chini kabisa, baada ya stoo ya magodoro, na mtu akigonga mlango huwa amepotea njia. Kazi yake ni kusoma faili za wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa na kuupa kila ugonjwa msimbo wake, herufi na tarakimu chache zinazowaonyesha wakubwa watu wanaumwa nini. Wagonjwa anawajua kwa homa zao na mikojo yao. Sura zao hazijui. Wao hawajui hata kama yupo.

Nyumbani anakaa peke yake tangu dada yake aolewe mbali. Akitoka asubuhi huiacha redio ikiongea, ili akirudi akute sauti ndani.

Siku Fundi alipogonga, Bi Misimbo alidhani naye amepotea. Ni mshona nguo wa makamo, aliyewahi kulazwa hapo kwa nimonia. Alishika fremu ya mlango akihema.

"Dada, ndiyo wewe unayeandika mtu aliumwa nini?"

"Anayeandika ni daktari, kaka. Mimi naweka namba tu. Kaa kwanza."

"Nyumbani wamenichoka. Mkono wa shati wa kushoto naushonea kulia. Ngazi nikipanda, miguu inanigomea. Mke wangu anasema nimonia ilishapona, sasa naumwa uvivu. Shemeji ananiita Bwana Harusi, kazi yangu kulala na kuletewa chai." Alicheka, kisha akaacha. "Hata mimi nimeanza kuwaamini."

Bi Misimbo alitoa faili lake. Muhtasari wa daktari ulisema nimonia kali, basi. Kurasa za wauguzi zilisema zaidi: alifika akiongea ovyo, presha imeshuka mno, mkojo karibu hakuna, figo zinalegea. Jina la hali hiyo alilijua. Sepsisi: mwili unapambana na maambukizi kwa fujo mpaka unajiumiza wenyewe, na aliyenusurika anaweza kubaki dhaifu na msahaulifu kwa miezi. Lakini katika kazi yake, neno ambalo daktari hakuliandika halipo. Haruhusiwi kuliongeza. Anaruhusiwa kuuliza, na swali lenyewe lisimwelekeze daktari kwenye jibu.

"Rudi wiki ijayo," alimwambia. Hakumwahidi kitu.

Alimkuta daktari wa wodi ya wanaume akila karanga amesimama.

"Bi Misimbo! Leo umetoka pangoni?"

"Nimetoka na swali. Huyu alifika na presha hii na figo hizi. Kuna ugonjwa mwingine zaidi ya nimonia, au hakuna?"

"Wewe mama na mitihani yako! Niambie unachotaka, niandike, tumalize."

Neno lilikuwa mdomoni. Angelitamka tu, Fundi angeheshimiwa nyumbani kwake jioni hiyo hiyo. Lakini lingekuwa neno lake yeye, si la daktari, na siku daktari akiulizwa na kukosa la kujibu, Fundi angerudi kuwa mvivu.

"Sitaki kitu. Faili hilo hapo."

"Na nikisema hakuna?"

"Nitaliacha kama lilivyo."

Daktari alikung'uta maganda, akavuta kiti. Alisoma mpaka akasahau karanga.

"Huyu nilimpokea mimi," alisema taratibu. "Siku hiyo nilikuwa na wodi mbili. Ilikuwa sepsisi, imetokana na nimonia, na alikuja nayo."

Akaandika hivyo, akaweka saini na tarehe ya siku hiyo. Bi Misimbo akarudi kuweka misimbo: sepsisi kwanza, kwa kuwa mgonjwa alifika nayo, kisha nimonia.

Wiki iliyofuata Fundi alikuja na mkewe. Daktari alishuka kuwaeleza mwenyewe, akampangia kliniki ya mazoezi, akaondoka. Mke alibaki ameshika muhtasari mpya.

"Kwa hiyo ulikuwa unakufa?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Nakuita mvivu, na wewe umenyamaza tu! Mwanaume gani wewe?" Akamshika kiwiko. "Twende. Usinikimbie."

"Nikukimbie kwa miguu ipi?"

Walisahau kuaga. Bi Misimbo aliwasikiliza wakienda koridoni, hatua zinazoburuta na hatua zinazozisubiri. Kwenye ngazi mke alisema, "Pumzika," na hatua zikakoma. Bi Misimbo alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, mpaka aliposikia wameanza kupanda tena.