Ukuta wa Kaburi la Babu

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Pindo, maana pindo lake halifumuki hata ukilivuta kwa meno. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua kibanda, alikwenda kufagia kaburi la babu yake, aliyemlea na kumfundisha kushika sindano. Kiwanja lilipo kaburi hilo baba mdogo alikwisha kukiuza, kaburi na yote. Ndugu wengine, we acha tu! Sasa ni yadi ya matofali. Mwenye yadi, Mungu amjalie, alimwacha apite getini na ufagio wake.

Siku moja lori likarudi nyuma, likavunja pembe ya kaburi. Shangazi akaenda kwa mwenye yadi, nami nikamsindikiza.

"Baba, sidai kiwanja," alimwambia. "Nijengee ukuta tu, pasipite kitu pale."

"Ondoa shaka, mama. Kaburi la mzee ni amana."

Akatuita kazi ilipokwisha. Ukuta ulikuwa mrefu kunishinda, umepigwa lipu na rangi nyeupe. Tukauzunguka. Tukauzunguka tena. Haukuwa na mlango.

"Hata paka haingii!" alisema mwenye yadi, meno yote nje. Alikuwa amefurahi kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mwashi alikuwa anaosha mwiko wake, hana habari. Nikafumbua mdomo. Shangazi akanibana mkono.

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

Njiani nilifoka. "Shangazi, si ungesema akate mlango!"

"Nilisema pasipite kitu. Hapapiti."

"Na wewe je?"

"Kiwanja chake, ukuta wake. Nikimkera ataubomoa, malori yarudi. Babu akae salama."

Nilimtazama nikidhani analia. Macho makavu.

"Sisikii chochote," alisema. "Si uchungu, si hasira. Kama mguu uliokufa ganzi."

Alifungua kibanda, akashona mashati ya watu mpaka jioni, akamtania mteja kuhusu kitambi chake, na mteja akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Jumatatu iliyofuata jua lilimkuta kitandani. Haijapata kutokea. Nikamgusa paji la uso.

"Shangazi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona hujaamka?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Niamke niende wapi?"